Sola ya nyumbani hapa Dodoma: je, gharama inarudi kwa mtu ambaye tayari ana umeme wa TANESCO?

Mkazi wa Iyumbu

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa waliokwisha kufunga umeme wa jua majumbani, hasa walio hapa Dodoma na jirani zetu wa Singida, kwa kuwa ushauri mwingi ninaousikia unatoka Dar es Salaam, ambako hali ya hewa si kama yetu.

Nyumba yangu ipo Iyumbu. Tuko watu sita, tunatumia mita ya luku (ya kulipia kabla), na tukiiweka kando kodi ya jengo, kwa mwezi tunanunua umeme wa shilingi 50,000 hivi, unaotupatia uniti 140. Vifaa vyetu ni vya kawaida: friji moja, pampu inayopandisha maji kutoka kwenye kisima cha kuhifadhia hadi kwenye simtangi la juu (maji ya bomba kwetu huja kwa zamu, kwa hiyo pampu hiyo hatuwezi kuiacha), televisheni, pasi, birika la umeme, feni mbili na taa za LED.

Kampuni moja ilikuja kukagua paa na kuniandikia makadirio ya shilingi 5,200,000. Ndani yake mna paneli nne za wati 550 kila moja, inveta ya kilowati 3 (kifaa kinachobadili umeme wa paneli na betri uwe wa matumizi ya nyumbani), betri moja ya lithiamu ya volti 24 yenye ampea-saa 100, pamoja na fremu, nyaya na ufundi. Betri peke yake ni shilingi 1,900,000. Muuzaji ananihakikishia kwamba mfumo huo utaniondoa kabisa kwenye luku na kwamba fedha yangu itakuwa imerudi ndani ya miaka minne. Nimekaa na kalamu na karatasi, na hiyo miaka minne siioni inakotoka, kwa maana hata nisiponunua uniti moja tena maishani, ninachookoa kwa mwaka ni shilingi 600,000, na kwa kiasi hicho 5,200,000 inahitaji karibu miaka tisa.

Mke wangu ana hoja nyingine, nami naiheshimu. Yeye hatazami uniti. Anatazama jioni ambazo umeme unakatika mtaani kwetu wakati watoto wawili wa sekondari wanajiandaa na mitihani. Fedha hii tuliiweka kwa ajili ya kumalizia uzio, kwa hiyo si fedha ya kujaribia. Naomba anayejua anisaidie kuona: je, inafaa kuiweka yote kwenye sola, kuiweka kwa sehemu, au kuiacha?

Mhasibu wa Area D

Ndugu wa Iyumbu, hesabu yako iko karibu na ukweli kuliko ya muuzaji, na hata hiyo miaka tisa ni ya upole, kwa sababu umechukulia kwamba hutanunua uniti tena kabisa. Mimi si fundi. Kazi yangu ni hesabu za fedha, na ningependa tuanze na bei ya kile unachotaka kukikwepa.

Kwa matumizi yako, wewe uko kwenye kundi la T1, la wateja wa kawaida. Bei ya uniti kwa kundi hilo, kwa viwango vya EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za nishati) vilivyoanza kutumika Aprili 2016, ni shilingi 292. Ukiongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, inafika shilingi 356. Ndiyo maana 50,000 yako inaleta uniti 140. Kodi ya jengo ya shilingi 1,500 kwa mwezi itaendelea kudaiwa kupitia luku hata ukifunika paa lote kwa paneli, kwa hiyo umefanya vizuri kuiweka kando.

Sasa tutazame ulichouziwa. Jua letu ni zuri, na kwa wastani wa mwaka tunaweza kuhesabu kwamba kila siku paneli hupata jua la kiwango cha adhuhuri kwa muda wa saa tano hadi sita. Paneli nne za wati 550 ni wati 2,200. Ukizidisha kwa saa tano na nusu, kisha ukapunguza robo kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na inveta, unabaki na wati-saa 9,000 hivi, yaani uniti 9 kwa siku. Lakini nyumba yako inatumia uniti 140 kwa siku 30, yaani chini kidogo ya uniti 5 kwa siku. Karibu nusu ya umeme ambao paneli zako zinaweza kuuzalisha hautakuwa na pa kwenda, na wewe utakuwa umeulipia.

Upande wa betri hali ni kinyume chake. Volti 24 mara ampea-saa 100 ni kama uniti 2.4, na kwa matumizi ya kila siku ni busara kuhesabu uniti 2 tu, ili isikaushwe hadi chini. Usiku wako wa friji, taa, televisheni na feni unaweza kuzidi hapo, na siku za mawingu za Januari betri haitajaa. Kwa hiyo ahadi ya kukuondoa kabisa kwenye luku haiendani na mfumo wenyewe ulioandikwa kwenye makadirio.

Kuna hesabu moja ambayo ningemwomba kila anayenunua betri aifanye. Chukua bei ya betri, igawe kwa uniti zote itakazotoa mpaka ife. Betri ya lithiamu ya 1,900,000 inayotoa uniti 2 kila siku kwa miaka 10 itakuwa imetoa uniti 7,300, yaani kila uniti inayopita ndani yake imekugharimu shilingi 260, kabla hujahesabu paneli wala inveta. Ukilinganisha na 356 ya luku, faida iliyobaki ni nyembamba. Betri mbili za jeli za ampea-saa 200, ambazo hazipaswi kushushwa chini ya nusu, tuseme kwa shilingi 1,200,000, zikitoa uniti 2 hizo hizo kila siku na kudumu miaka mitatu, uniti moja inafika karibu shilingi 550. Hapo unanunua umeme kwa bei ya juu kuliko ule unaoukimbia. Umeme wa jua unaotumika mchana, moja kwa moja kutoka kwenye paneli, ndio wa bei ya chini. Ule unaolala kwenye betri ndio unaopandisha gharama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawaligusi, na ambalo kwangu ndilo kiini cha uamuzi wako. Kundi la D1 ni la majumba ambayo matumizi yake kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi, na bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 ukijumlisha kodi na tozo. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inauzwa 350 kabla ya kodi na tozo. Tuseme unafunga paneli mbili tu, bila betri, kwa gharama isiyozidi shilingi 2,000,000, na kwa kuhamishia mchana kazi za pampu na pasi unapunguza ununuzi wako kutoka uniti 140 hadi 80. Umeokoa uniti 60, ambazo ni shilingi 21,400 kwa mwezi, na fedha yako inarudi kwa miaka minane pungufu kidogo. Lakini ukishuka hadi 70, na TANESCO wakakuhamishia D1 baada ya kuona kumbukumbu za matumizi yako, utalipa shilingi 8,540 badala ya 50,000, na mfumo huo huo mdogo utakuwa umerudisha gharama yake kwa miaka minne. Uniti hizo kumi za mwisho zina thamani kuliko zote zilizotangulia. Sisemi ulihesabu jambo hili kama haki yako, kwa sababu uamuzi wa kundi ni wa TANESCO na hufuata matumizi halisi. Nenda ofisini kwao uulize kabla hujalipa mtu yeyote malipo ya awali.

Neno la mwisho kuhusu fedha yenyewe. Shilingi 5,200,000 zikiwekwa mahali panapozaa, tuseme kwa mfano asilimia 10 kwa mwaka, zinaleta 520,000, kiasi ambacho kinakaribia akiba yote ya umeme unayoitarajia. Muuzaji hataki uiweke hesabu hiyo mezani, nami nakuomba uiweke.

Fundi wa Nkuhungu

Mzee wangu, shikamoo. Mhasibu amenirahisishia kazi. Mimi nafunga umeme wa kawaida na wa jua, na nakubaliana naye kwamba hapa kwetu mfumo mdogo wa mchana ndio wa kuanza nao. Nitaongeza mambo ya paa, kwa sababu hesabu nzuri ya karatasini inaweza kuharibikia juu ya bati.

La kwanza ni vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba tuna upepo na vumbi jekundu, na hatuna mvua ya kusafisha chochote. Paneli ambayo haijaguswa kwa miezi miwili ya kiangazi ina utando unaoweza kuandikia jina lako kwa kidole, na umeme wake umeshuka kwa kiasi unachokiona wazi kwenye kioo cha inveta. Kusafisha ni kazi ya alfajiri, paneli zikiwa bado za baridi, kwa kitambaa laini au brashi yenye mpini mrefu. Usimwage maji baridi saa saba mchana juu ya kioo kilichopata moto, kwa kuwa kinaweza kupasuka. Na angalia maji yenyewe. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, ambayo yakikauka huacha madoa meupe yanayoshikamana na kioo na kuwa kazi kubwa kuyatoa kuliko vumbi lenyewe. Kama maji yako ni ya kisima, pangusa vumbi kavu kwanza kwa brashi, kisha suuza kwa maji ya mvua au ya bomba, hata kama ni ndoo moja tu.

La pili ni kivuli. Mji huu tumepanda miarobaini kila uwanja, na ni miti ya thamani kwa kivuli na upepo, lakini tawi moja linalopita juu ya kona ya paneli saa tisa alasiri linaweza kupunguza umeme wa paneli nzima, na wa zile zilizounganishwa nayo kwa mfululizo, kwa kuwa seli zake zimefuatana na ile iliyofunikwa inazizuia nyingine. Kabla ya kuchagua upande wa paa, panda juu asubuhi, mchana na alasiri uone vivuli vinakopita. Simtangi lililoinuliwa kwenye mnara nalo lina kivuli chake, na kwenye nyumba nyingi ninazokwenda ndicho kinachosahauliwa.

Mwelekeo wa paneli kwetu uwe kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo hautafutwi kwa ajili ya jua peke yake; paneli iliyolala kabisa inatuamisha maji na tope kwenye ukingo wa chini. Acha pia nafasi ya upana wa kiganja au zaidi kati ya bati na paneli ili hewa ipite. Paneli hupimwa kiwandani zikiwa na nyuzijoto 25, lakini mchana wa Oktoba hapa kwetu paneli yenyewe inaweza kufika 60, na kwa kila nyuzi inayozidi hupoteza kama theluthi moja ya asilimia moja. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wako, na paneli iliyobanwa kwenye bati hupoteza zaidi. Fremu ifungwe kwenye mbao za kenchi, si kwenye bati peke yake, kwa sababu upepo wa Agosti hauna huruma na paneli moja ya wati 550 ina eneo la mita za mraba mbili na nusu.

Hapo hapo kwenye eneo kuna kipimo ambacho mnunuzi yeyote anaweza kukifanya dukani bila kuwa fundi. Paneli bora za sasa zinatoa wati 200 na kitu kidogo kwa kila mita ya mraba. Chukua tepu, pima urefu na upana, zidisha. Ukiambiwa paneli ni ya wati 300 na eneo lake halifiki hata mita moja ya mraba, karatasi iliyobandikwa nyuma inasema uongo, hata iwe na jina kubwa kiasi gani. Paneli ya kweli ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.3 na uzito wa kilo 27 hivi, ambao mtu mmoja haubebi kirahisi. Ukitaka uhakika zaidi, itolewe nje saa sita mchana, ielekezwe kwenye jua, na fundi apime ampea zake kwa mita mbele yako, alinganishe na zilizoandikwa nyuma.

Sina mengi ya kusema juu ya nyaya zaidi ya kwamba fundi awe na leseni ya EWURA, fremu iunganishwe na waya wa ardhini, na kuwe na breka za umeme wa moja kwa moja (DC) upande wa paneli, tofauti na zile za kawaida za nyumba. Radi za mwanzo wa mvua zinaharibu inveta nyingi, na kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi si cha kuondolewa kwenye makadirio ili bei ipungue.

Muuza samaki, Miyuji

Kaka wa Iyumbu, naomba nimtetee shemeji kidogo, kwa sababu waliotangulia wamezungumzia uniti na hoja yake imebaki bila jibu.

Mimi nauza samaki wa Mtera na nina friza mbili. Kwangu sola ni gharama ya biashara, na nimeipima kwa thamani ya mzigo ulio ndani ya friza. Kila mmoja anakumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mashine za bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji hazijaanza kuingia moja moja kuanzia Februari 2024. Bwawa lile limejengwa kwa megawati 2,115, na mgawo wa aina ile umekwisha. Kinachotukuta sasa ni kukatika kwa mtaa: transfoma imezidiwa, waya umeanguka, matengenezo yametangazwa. Ni saa mbili, saa tano, mara chache siku nzima. Huo ndio ukatikaji unaotakiwa kuupima, kwa sababu mtu anayenunua betri kubwa kwa kumbukumbu ya mgawo wa zamani anajiandaa kwa tatizo ambalo si lile lililopo.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inakaa na ubaridi wake hadi siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Nilipojua hivyo, nilianza kujaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji yaliyoganda, na mahitaji yangu ya betri yakapungua sana kabla sijatumia shilingi yoyote kwenye sola.

Kwa nyumba yako, kama kinachotakiwa ni taa, televisheni, kuchaji simu na watoto kusoma, hiyo ni kazi ya inveta ndogo na betri moja ya ampea-saa 100, hata bila paneli. Ichajiwe na TANESCO umeme ukiwepo, itumike ukikatika. Haizidi shilingi milioni moja. Hesabu ya mhasibu kuhusu betri ya jeli ni sahihi kwa betri inayofanya kazi kila usiku, lakini betri inayongoja siku za kukatika tu haichoki kwa kasi hiyo, na uniti chache inazotoa si za kulinganishwa na luku. Zilinganishe na jioni ya mtoto wa kidato cha nne gizani.

Mwalimu wa Bahi

Naomba kusema neno kwa niaba ya wasomaji ambao hawana luku ya kuilinganisha na chochote, kwa sababu swali la kama sola inalipa lina jibu jingine kabisa kule ambako nguzo haijafika.

Kijijini kwetu umeme umefika senta, na kuunganishwa kwa bei ya vijijini ni shilingi 27,000, fedha ambayo wengi tunaimudu. Tatizo ni umbali. Kaya zilizo mbali na nguzo ya mwisho zinangoja mradi mwingine, na hadi hapo zinalipia tochi, betri za redio na kuchajisha simu senta kila baada ya siku mbili. Kwa kaya kama hiyo, paneli ya wati 100, betri, taa nne na soketi ya simu zinarudisha gharama mapema, maana kinacholinganishwa ni fedha iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo bila kuandikwa popote.

Ninachowaomba ndugu zangu wa vijijini ni kujumlisha malipo ya mkopo kabla ya kuweka saini. Mkataba wa kuanzia 50,000 na kulipa 1,500 kila siku kwa miaka miwili unasikika mwepesi, kwa kuwa 1,500 ni bei ya soda na andazi, lakini jumla yake ni shilingi 1,145,000. Jirani yangu alipouliza bei ya vifaa vya uwezo ule ule kwa fedha taslimu mjini, aliambiwa 780,000. Tofauti hiyo inaweza kuwa halali kwa mtu asiye na akiba na anayepata pamoja na mkopo dhamana na fundi wa kumfuata nyumbani. Mimi sikatazi mkopo. Nasema tu kwamba baada ya mavuno ya mpunga, mtu mwenye magunia kadhaa ya kuuza anaweza kununua taslimu, na kaya nyingi hazipewi nafasi ya kuiona hesabu hiyo kwa sababu muuzaji huja miezi ya njaa.

Tena, kabla ya kununua mfumo mkubwa, uliza ofisi ya kijiji kama kitongoji chako kimepimwa kwa ajili ya nguzo. Ukiambiwa ndiyo, nunua kidogo, na chagua vitu ambavyo vitabaki na kazi umeme ukifika, kama paneli nzuri ya kusukuma maji ya bustani.

Mkazi wa Iyumbu

Nawashukuru sana, na marahaba kwa fundi. Nimekaa na mwenzangu tukayasoma yote pamoja. Tumeelewana kwamba 5,200,000 hazitoki. Tunaelekea kwenye paneli mbili, inveta inayoweza kuanza bila betri na kuongezewa baadaye, na kando yake ile inveta ndogo yenye betri moja kwa ajili ya taa za jioni, kama dada wa Miyuji alivyoshauri. Birika la umeme tutalipumzisha na kuchemsha maji kwa gesi, kwa kuwa nimeona kwamba uniti zake chache ndizo zinazoweza kutushusha chini ya 75. Kesho kutwa naenda TANESCO kuuliza habari za D1.

Yamebaki maswali mawili kwa fundi. Umeme ukikatika mchana, na mfumo wa paneli hauna betri, je, pampu itaendelea? Na je, umeme wa paneli ukizidi mahitaji ya nyumba, hautaichanganya mita ya luku?

Fundi wa Nkuhungu

Mzee wangu, kuhusu pampu, usiitegemee. Zipo inveta zinazoweza kuendesha vifaa kwa paneli peke yake mchana bila betri wala TANESCO, lakini pampu inapowaka huvuta mara tatu hadi tano ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi, na wati 1,100 za paneli zako haziwezi kuubeba mvuto huo, hasa wingu likipita. Ukikatika, subiri urudi. Simtangi likijazwa kila siku kufikia saa nane mchana, saa chache za kungoja hazitakuumiza. Baadaye ukiongeza betri, hesabu itabadilika.

Kuhusu luku umeuliza jambo zito. Mita nyingi za kulipia kabla hazirudi nyuma. Umeme ukitoka nyumbani kwenda kwenye nguzo, huuhesabu kama ulioutumia na kukukata uniti, na nyingine hutoa alama ya hitilafu na kuzima. Mwambie anayekufungia aweke inveta katika hali ya kutorudisha umeme kwenye gridi, na alifanye hilo mbele yako. Kisha, kabla hujamlipa sehemu ya mwisho, ifanyeni jaribio hili saa sita mchana jua likiwa limewaka: zimeni vifaa vyote vya nyumba, paneli zikiwa zimeunganishwa, na msimame mbele ya mita kwa dakika kumi mkiangalia taa yake nyekundu ndogo inayomweka kila umeme unapopita. Ikimweka mara moja moja kwa mbali, hayo ni matumizi ya inveta yenyewe. Ikiendelea kumweka haraka haraka wakati nyumba imezimwa, umeme wako unatoka nje na unalipishwa, na fundi arudi kwenye inveta kabla ya kuondoka.